Kibati cha Mashine ya Kaka

Haya nayaeleza kama alivyonisimulia mdogo wangu wa kike, na chumvi sikuongeza, ingawa najua mnanijua.

Mumewe, yaani shemeji yangu, tulimwita Taratibu. Kazi yake ilikuwa kung'oa vibati vya majina kwenye mashine kuukuu. Wengine huja na patasi na nyundo, pwaa, kibati kinakunjika kama sikio la mbwa. Yeye hapana. Alizilainisha ribiti, vile vichwa vya chuma vinavyokishika kibati, kwa tupa ndogo, akadonoa alama katikati, akaingiza drili nyembamba huku amebana pumzi. Kibati kinaangukia kiganjani hakina mkwaruzo. Mdogo wangu alilalamika kwamba yeye mkewe hajawahi kushikwa hivyo.

Asubuhi moja shemeji akaitwa na kaka yake. Huyo kaka alikuwa amenunua mashine ya kusaga ya marehemu mmoja, na tangu ainunue haijawahi kuwaka. Mafundi wameingia, mafundi wametoka.

"Bwana mdogo, nitolee kibati nikakisafishe. Ila usikikwaruze."

"Kaka, unamwambia nani?"

Adhuhuri mdogo wangu akawapelekea chakula. Akamkuta mumewe amepiga magoti, imebaki ribiti ya mwisho. Kaka mtu kasimama mlangoni, jasho linamtiririka, hata salamu hakuitikia.

Kibati kikatoka. Shemeji akakigeuza.

Nyuma palikuwa na jina lake mwenyewe. Mwandiko ni wa kaka, ule wa kulalia kushoto. Na rangi iliyokuwa imezifunika zile ribiti ilikuwa ya miaka na miaka, haikuwa imepasuka popote kabla hajaigusa; kibati hakikuwahi kung'olewa.

"Kaka, hii nini?"

Kaka akanong'ona, macho sakafuni. "Marehemu alinijia. Akasema niandike jina la ndugu. Mimi niliandika kwenye karatasi tu, nikaichoma humu humu. Akasema mashine itawaka siku mwenye jina atakapokitoa kibati kwa mkono wake. Kizima."

"Ukaandika langu?"

"Ningeandika la nani? Wewe ndiye usiyeharibu kibati."

Mdogo wangu akapiga kelele. "Baba watoto, kikunje! Kipinde hicho!"

Patasi ilikuwa karibu na goti lake. Akaiokota. Akakitazama kibati. Kinang'aa. Pembe zote zimenyooka. Mkono ukagoma.

"Siwezi," akanong'ona. "Kimetoka vizuri mno."

Mashine ikawaka. Mkanda haikuwa nao. Umeme haikuwa nao.

Shemeji alirudi nyumbani kwa miguu yake, ila tangu siku hiyo hakutamka neno. Kaka akizima mashine, shemeji anaganda palepale, kijiko hewani, macho wazi. Kaka akiiwasha, anaendelea kutafuna. Na kaka alijua! Alikuja kututembelea, akakaa kwenye kiti chetu, akamtazama ndugu yake, akasifia chai.

Mdogo wangu akampigia kaka mtu magoti. "Shemeji, nakuomba, angalau mashine usiiuze."

"Nimuuze ndugu yangu? Mimi?"

Akaiuza. Kwa mtu wa mbali sana, bila kutuambia. Lori liliipakia alfajiri.

Asubuhi hiyo mdogo wangu aliamka akakuta upande wa mumewe mtupu. Mlango una komeo kwa ndani. Madirisha yana nondo. Viatu viko chini ya kitanda.

Kwenye godoro limebaki bonde la mwili wake. Mabega, mgongo, visigino. Ni la moto, na linatetemeka.

Siku zote hizo lilitetemeka. Mimi nimeweka kiganja changu hiki. Anayebisha angekuja akalala. Juzi nilikuwa nimekaa pale ukingoni na mdogo wangu, tunapiga soga, godoro likatulia ghafla. Likaanza kupoa.

Mdogo wangu akalifunika kwa shuka, polepole, kama anamfunika mtu.

"Wamezima," akasema.