Utakayeniambia Ni Wewe

Jumamosi ile duka la vitambaa lilikuwa limefurika. Watu wanasukumana, majora yanashushwa, kila mtu anataka akatiwe yeye kwanza. Katikati ya vurugu hiyo mikono miwili ikakamata kitambaa kimoja, kipande cha mwisho cha buluu iliyokoza.

"Samahani kaka, hiki nimekiwahi mimi."

"Dada, nimekishika kabla hata hujaingia mlangoni."

"Na kabla sijaingia uliniona wapi? Kumbe ulikuwa unanitazama!"

Watu wakacheka. Kijana akaona haya, lakini kitambaa hakukiachia. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Binti naye alivaa suti nyekundu ya michezo na raba zenye vumbi, maana alikuwa ametoka kuchezesha mechi ya wanawake. Mtaa mzima ulimwita Refa, hata mama yake mzazi.

"Mimi ni refa, na uamuzi wa refa haupingwi."

"Refa gani anachezesha mechi anayocheza mwenyewe?"

Loo! Binti hakuzoea kujibiwa hivyo. Na moyoni, nisikufiche, akafurahi.

"Basi chukua," fundi akasema, "ila nikushonee mimi. Kitambaa hiki kikienda kwa fundi wa kulipua kazi, nitaumwa."

Kwenye duka la fundi, wanawake walipimwa na shangazi yake, mama mnene mchangamfu, naye fundi akiandika. Kiuno, nyonga, paja. Alipofika juu kidogo ya goti la kushoto, shangazi akapima, akapima tena, kisha akataja namba kwa sauti ya chini. Mguu wa kushoto ulizidi wa kulia kwa inchi moja na nusu. Fundi akainua macho. Shangazi akamkazia ya kwake. Mwiko wa duka lile ulikuwa mmoja: mwili wa mteja hausemwi. Bega likishuka unaliinua kwa pedi, nyonga ikipinda unainyoosha kwa mkasi, na mdomo unaufunga. Basi fundi akaupa mguu ule nafasi, akaficha mshono kwa ustadi, na suruali ikamkaa binti utadhani alizaliwa nayo.

"Weee! Huyu kwenye kioo ni mimi?"

"Ni wewe, malkia."

"Malkia tena? Kadi ya njano hiyo, fundi. Ukirudia natoa nyekundu."

Akarudia. Akarudia kwa simu kutwa nzima, na kadi nyekundu haikutoka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula vipi na wewe uko mbali?"

"Muongo! Shangazi kaniambia umefuta sahani mbili."

"Ya pili ilikuwa yako, nilikulia."

Miezi miwili ikapita hivyo, vicheko asubuhi, vicheko jioni. Kisha goti likaanza kumsumbua. Refa akasema alipigwa teke uwanjani. Fundi akakumbuka ile inchi na nusu, akafungua mdomo, akaufunga. "Pumzika, kipenzi, litapoa," akasema. Jamani, ulimi wake uliogopa nini? Aliogopa kumwambia mwanamke anayempenda kwamba mguu wake una kasoro. Basi, ni hilo tu.

Halikupoa. Hospitali wakapiga eksirei, wakachukua kinyama kidogo wakakipima. Daktari akamketisha Refa na mama yake.

"Ni saratani ya mfupa wa paja, huku chini karibu na goti. Na uvimbe huu haukuanza jana."

Haukuanza jana. Maneno hayo Refa akarudi nayo nyumbani. Akaitoa suruali ya buluu kabatini, akaigeuza nje ndani, akalaza mguu mmoja wa suruali juu ya mwenzake. Wa kushoto ulikuwa mpana zaidi. Akapiga simu.

"Ulijua?"

"Nilijua nini, mpenzi?"

"Mguu wangu! Suruali ninayo hapa. Ulijua?"

"Nilijua kipimo. Sikujua kama ni ugonjwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Miezi mitatu! Miezi mitatu unaniita malkia na unanifichia mguu wangu mwenyewe! Sitaki kukusikia tena."

Akakata, akaifungia namba yake. Fundi akabaki na simu sikioni. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, ni mimi niliyekufundisha kunyamaza." Naye akajibu, "Na mimi ndiye niliyempenda nikanyamaza vilevile." Siku ile hakushona hata kifungo.

Refa akaanza dawa za kupitia mshipani, zile kali zinazoua saratani na kuondoka na nywele zote. Fundi alifika hospitali kila wiki, akaishia kwenye benchi la nje, maana Refa hakumruhusu kuingia. Ndani, binti alizungukwa na maneno matamu. Shoga zake: "Umependeza na kipara!" Mama: "Hata hujakonda, mwanangu." Alikuwa mwembamba kama ufito. Akaanza kuchoka na watu wanaompenda kwa uongo.

Wakati wa upasuaji ukafika. Daktari bingwa alimweleza waziwazi.

"Tutaukata mfupa wenye ugonjwa pamoja na goti, tuweke kipandikizi, yaani mfupa wa chuma wenye goti lake la bawaba. Mguu utabaki. Ila nikikuta uvimbe umeushika mshipa mkubwa wa damu, sitakuwa na jinsi, nitaukata mguu wote. Hilo nitalijua nikishafungua."

"Kwa hiyo nitalala sijui nitaamka na miguu mingapi?"

"Ndivyo."

"Si nitausikia ukiwepo?"

"Usitegemee hivyo. Utakuwa umekufa ganzi. Na wapo waliokatwa mguu ambao bado wanausikia ukiwawasha."

Refa akatia saini. Halafu akaifungua namba aliyoifungia. Fundi alipoona jina lile kwenye simu, aliangusha mkasi.

"Haloo? Malkia?"

"Sijakusamehe, tuelewane kwanza."

"Tumeelewana."

"Kesho wananipasua. Nikiamka, mama ataniambia mguu upo hata kama haupo, ili nisilie. Wote watanificha. Utakayeniambia ni wewe."

"Mimi? Mimi niliyekuficha?"

"Wewe ndiye unayejua kuficha kunaleta nini. Utaweza?"

"Nitaweza."

Kesho yake alikaa na mama mtu nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Saa ya kwanza, ya tatu, ya tano. Kila mlango ukilia wote wawili wanasimama. Alasiri daktari akatoka, kofia imelowa jasho, akasema nao kwa dakika mbili. Mama akaangua kilio. Nawe usinikazie macho. Nitakwambia atakapoambiwa mwenyewe.

Refa alifumbua macho wodini. Shuka lilikuwa limeinuliwa kwa fremu ya chuma, haoni chochote ng'ambo yake, na kuanzia kiunoni hasikii kitu. Akamtazama mama, macho yamevimba.

"Mwanangu, Mungu mkubwa, kila kitu kime..."

"Mama, nyamaza kidogo. Yuko wapi?"

Fundi akasogea, shati limekunjamana, hajanyoa. Akaushika mkono wake.

"Mguu upo."

"Nitazame usoni useme."

"Upo. Vidole vitano, nimevihesabu mwenyewe. Mshipa ulikuwa salama. Una chuma kuanzia katikati ya paja mpaka chini ya goti."

Refa akaachia pumzi aliyoishikilia wiki nzima, akacheka na kulia kwa pamoja. "Ooh, mguu wangu! Haya, na mabaya?"

Mama akamkonyeza fundi kwa nguvu, asiseme. Fundi alimwona.

"Kovu ni refu. Neva moja ilivutwa, kwa hiyo huenda unyayo ukalegea. Unaweza kupata nguvu tena, unaweza usipate. Dawa hazijaisha, na wakati wowote saratani inaweza kujaribu kurudi. Na kukimbia, hapana. Uwanjani hutakimbia tena, malkia wangu."

Refa akalia sana, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza akajifuta kwa shuka.

"Endelea. Kuna kingine unachonificha?"

"Kipo."

"Kiseme."

"Nataka kukuoa. Nilitaka tangu asubuhi ile ya mwezi wetu wa kwanza uliponipigia kunitukana kwa sababu nimechelewa kukuamsha. Naogopa utanikataa."

"Umesikia mwenyewe huenda saratani ikarudi?"

"Mimi ndiye niliyekwambia."

"Na bado unataka?"

"Bado nataka."

Refa akamgeukia mama yake, ambaye sasa alikuwa amejaa machozi mpaka shingoni. "Mama, acha kulia, sogea hapa karibu. Nataka usikie ninavyokubali."