Mkalimani wa Mama

Kila asubuhi Mama na Kasuku walishuka pamoja ngazi za jengo la wanafunzi, makoti wamefunga hadi kidevuni. Mama alikuwa akisomea shahada ya pili ya biashara, na chuo chake kilikuwa kimempeleka nchi ya mbali kwa muhula mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Baba alibaki nyumbani na kazi yake. Kasuku, binti wa miaka kumi na miwili, alipewa jina hilo la utani na bibi yake kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Huku ugenini, hata hivyo, Kasuku alikuwa amenyamaza. Chuoni Mama alifundishwa kwa lugha aliyoisoma tangu utotoni, na Kasuku naye aliijua kiasi. Lakini mitaani na shuleni watu walizungumza lugha nyingine kabisa, iliyopita masikioni mwake kama maji ya mfereji. Wenzake walipocheka, naye alicheka. Mwalimu alipomuuliza kama ameelewa, aliitikia kwa kichwa, huku moyo ukimdunda asije akaulizwa swali la pili.

Nyumbani hakusema kitu. Jioni moja alimsikia Mama akizungumza na Baba kwenye simu: "Mwenzangu, huyu mtoto lugha ameshaishika. Ndiye mkalimani wangu."

Sifa zile zilikuwa tamu siku ile tu. Baadaye ziligeuka hofu. Dukani alibahatisha, wakarudi na chumvi badala ya sukari. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, yakaisha. Kasuku alicheka pia.

Kisha Mama akaanza kuumwa kichwa. Yeye na kikundi chake walikuwa wakijiandaa kueleza mbele ya wahadhiri namna ya kukiokoa kiwanda cha viatu kilichokaribia kufilisika. Hakulala vizuri, na chakula alikigusagusa tu. Daktari wa chuo alimpima, akakuta presha imepanda, akamwandikia vidonge.

Kwenye duka la dawa, mfamasia mwenye miwani alieleza haraka haraka, huku akikata hewa kwa kidole. Kasuku aliambulia neno moja tu: mbili.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu. Kasuku alihisi masikio yakimwaka moto. "Anasema umeze viwili kila asubuhi."

"Una hakika? Ngoja niyapige picha maandishi ya pakiti, simu itutafsirie."

"Nimeelewa, Mama. Twende, watu wanasubiri."

Mama akairudisha simu mkobani.

Kesho yake shule ilifungwa kwa ajili ya matengenezo, hivyo Kasuku alifuatana na Mama chuoni. Kabla ya kutoka, Mama alimeza vidonge viwili. Kasuku alimtazama. Alitaka kusema. Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi, likarudi.

Ukumbini aliketi safu ya nyuma. Mama alianza vizuri, wahadhiri wakawa wanaandika. Halafu akaishika meza. Sauti yake ikafifia, uso ukamtoka jasho. Alinyoosha mkono achukue glasi ya maji, lakini magoti yakamlegea, akaanguka.

Watu walimkimbilia. Kasuku alibaki ameking'ang'ania kiti. Mwanafunzi mmoja wa kikundi kile, kijana mrefu mwenyeji wa nchi ile, ndiye aliyemshika mkono wakalifuata gari la wagonjwa hadi hospitali.

Mama alilala kitandani, midomo imempauka. Daktari aliuliza jambo, na yule kijana akamgeukia Kasuku, akamwambia kwa lugha ya chuoni: "Anataka kujua kama mama yako ametumia dawa yoyote."

Kasuku aliona kwamba akisema, kila mtu angejua ni yeye aliyemfikisha Mama pale. Akautazama mkono wa Mama, umening'inia pembeni mwa kitanda, hauna nguvu.

"Amemeza dawa ya presha," alisema. "Vidonge viwili. Mimi ndiye niliyemwambia. Mfamasia sikumwelewa. Nilisikia 'mbili' tu, mengine nikayabuni."

Kijana akatafsiri. Daktari aliitoa pakiti ya dawa mkobani mwa Mama, akaisoma. "Kidonge kimoja kilipaswa kukatwa vipande viwili, ameze nusu," alisema, na kijana akatafsiri. Aliagiza Mama atundikiwe dripu na miguu yake iinuliwe. Kisha akamwinamia Kasuku, kijana akiendelea kutafsiri. "Umefanya vyema kusema. Usingesema, tungehangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo."

Alasiri Mama alifumbua macho. Kasuku alimweleza yote huku akilia: mambo ya dukani, ya shuleni, ya kutikisa kichwa. Mama alimfuta machozi.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilikutwisha mzigo wa mtu mzima."

Daktari aliporudi kueleza dawa itumiwe vipi, Mama, kwa mazoea, alimgeukia Kasuku. Kasuku akamwambia yule kijana, "Kaka, tafadhali tafsiri wewe. Mimi sijui. Nitasikiliza nijifunze."

Mama akamvuta karibu. "Umesikia ulivyosema, mwanangu? Hakuna aliyezaliwa anajua, na kuuliza si ujinga. Ukisema hujui, watu watakuonyesha njia. Ukisema unajua, watakuacha uende, hata kama mbele kuna shimo."