Nyayo Zilizovuka Mpaka

Jirani yetu Maige anasema alimwona bibi kwa macho yake. Anasema bibi alisimama darajani asubuhi, akamwaga unga mweupe mtoni huku midomo ikicheza. Wiki haikwisha, daraja likakatika. Dada yangu Stephania alikuwa juu yake, na ndoo ya dagaa kichwani, akienda gulioni Nyashimo.

Hayo Maige aliyasimulia msibani.  Watu wakaanza kumtazama bibi macho yake, wakiyaona ya mchawi, kumbe ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Bibi Nyanjige ndiye aliyetulea, mimi na Stephania. Hakukana habari ya unga.

"Niliumwaga," alisema. "Nilikuwa nawashukuru wazee wetu waliotangulia. Miaka yote tumevuka mto ule kwa kushikana mikono. Nikaona daraja, nikashukuru. Kosa liko wapi?"



Baba yangu, Salu, ni mtoto wake wa kuzaa. Tulipoanua matanga, alimwambia mbele yetu, "Mayu, nenda Sola kwa mjomba. Hapa watakudhuru. Na mimi mwenyewe sijui niamini nini."

Mayu ndivyo tunavyomwita mama.  Nadhani bibi angeweza kuvumilia yote isipokuwa lile neno la mwisho. Alifunga kanga zake, akaondoka bila kuaga.

Wakati wa kuvuna pamba, mbunge wetu, Mheshimiwa Apolonia, alifika kijijini. Aliitisha mkutano shuleni. Kiti alichoandaliwa alikikataa, akakaa kwenye benchi na akina mama.

"Poleni sana," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya daraja. Wachunguzi wamelipima. Nondo zilikuwa chache na saruji ilikuwa kidogo. Wanasema mkandarasi alitoa hongo apewe kazi. Aliyetakiwa kukagua naye akahongwa, akapitisha."

"Mheshimiwa, wewe unakaa Dodoma!" mama mmoja alipaza sauti. "Ya mtoni kwetu umeyajuaje?"

Watu walicheka kidogo.

"Nimeambiwa na mbunge wa Kenya," alijibu. "Mkandarasi huyu alijenga daraja huko pia, nalo likakatika. Watu wa huko walisema ni joka la mtoni. Mbunge wao hakukubali, akauliza bungeni kwao. Sasa, sisi wabunge tunaopinga rushwa tuna umoja wetu, wa nchi mbalimbali. Tulipokutana akasimulia. Nikamwambia, mwenzangu, mbona hiyo ni habari ya kwangu?"

Baba alisimama. "Huyo mkandarasi ameshavuka mpaka wa Sirari, yuko Kenya. Wabunge kukutana kunatusaidia nini?"

"Baba Stephania, nikuulize. Ng'ombe wako wameibiwa. Nyayo zimeingia kijiji kingine. Unafanyaje?"

"Napiga yowe. Wenyeji wanatoka. Tunawakabidhi nyayo, wanaendelea nazo wao."

"Wakikataa?"

"Wizi unakuwa wao. Watalipa wao!"

Wanaume waliitikia kwa vichwa.

"Basi ndiyo kazi yetu," alisema Mheshimiwa Apolonia. "Zamani mla rushwa akishavuka mpaka, anapumua. Sisi tunataka nyayo zake zipokewe. Mbunge hakamati mtu. Hiyo ni kazi ya TAKUKURU wanaozuia rushwa, polisi na mahakama. Mbunge anatunga sheria, ili nchi zipeane ushahidi, zirudishiane mtuhumiwa, na mali aliyoificha izuiwe. Halafu kila mmoja anaibana serikali ya kwao kwa maswali, isilale."

"Na sisi je?" baba aliuliza.

"Ninyi ndio mlioziona nyayo za kwanza. Aliyeona aseme. Anayeogopa kusema hapa, aende TAKUKURU akaseme faragha. Nyayo zisipoonyeshwa, jirani atafuata nini?"

Mimi nilikuwa namtazama Maige. Alikuwa kibarua wakati daraja lile likijengwa. Alikuwa anavuta uzi wa kofia yake, unafumuka, anavuta tena.

"Nondo zilipakiwa kwenye lori, zikaondoka," alisema, kama anaongea na miguu yake. "Nilipakia mimi. Msimamizi alisema nikifungua mdomo nitakiona."

Baba alimgeukia. "Ulijua? Ulijua, halafu ukamtaja mama yangu?"

"Niliogopa, Salu. Watu walikuwa wanauliza ni nani. Na unga niliuona kweli."

Baba hakumpiga. Alikaa chini, akafunika uso.

Maige alikwenda Bariadi kwenye ofisi ya TAKUKURU, akatoa maelezo yake. Maelezo hayo yalipelekwa Kenya. Mkandarasi alikamatwa huko, akarudishwa huku, na kesi inaendelea. Daraja jipya limejengwa. Safari hii tulichagua wanakijiji wa kukagua vifaa, na mimi ni mmoja wao. Nondo hata moja haikuondoka.

Siku ya kulifungua, hakuna aliyetaka kuvuka wa kwanza. Baba alivuka. Hakurudi. Aliniita nimfuate, tukapanda basi kwenda Sola.

Tulimkuta bibi uani, ungo wa choroko mapajani. Amekonda.

"Mwadila, mayu," baba alimwamkia.

"Mwadila."

Baba alipiga magoti. "Mayu, Maige amesema kweli. Aliyemuua Stephania ni yule mwizi wa nondo. Amekamatwa. Hata Kenya wamesaidia."

Bibi alipeta choroko. Makapi yakaruka.

"Kenya wamezipokea nyayo zake," baba alisema. "Mimi uliyenizaa nilikufukuza. Nimekosa, mayu. Twende nyumbani. Daraja lipo. Njoo ulimwagie unga."

Bibi alinitazama mimi. Alinipangusa vumbi shavuni kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akitufanyia tukiwa wawili.

Kisha akainama kwenye ungo. Alichagua choroko mbovu, akaitupa. Akachagua nyingine. Baba alikuwa bado amepiga magoti, akisubiri jibu.