Barua ya Mkono wa Kushoto

Kila Jumamosi saa sita na nusu mchana, Maringo humpelekea baba yake chakula kwenye uwanja wa ndege. Si ule mkubwa wa umma, ulio upande wa pili wa mji. Huu ni uwanja binafsi wa mfanyabiashara mmoja mwenye ndege mbili ndogo. Una njia moja ya kurukia, banda la mabati na uzio mrefu. Baba yake hukata nyasi kandokando ya njia hiyo. Mlinzi akimwona msichana na bakuli lake, humfungulia mlango mdogo wa pembeni na kusema, "Pita, mwanangu, baba ana njaa."

Basi kwa kupitishwa kwenye kimlango hicho tu, kichwa kilimvimba. Wenzake ndio waliompachika jina la Maringo, naye, kwa kukosa akili, akadhani ni sifa.

Siku moja mwalimu wa maarifa ya jamii aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la sita kwamba Ijumaa wangetembelea uwanja wa umma. Maringo akabetua midomo.

"Uwanja wa umma! Pale si kila mtu anaingia? Hata wenye mabegi ya kufunga kwa kamba! Foleni mpaka nje!" Akamgeukia Kijino, msichana waliyekaa naye dawati moja. "Au wewe unataka tukamwone mama yako akideki?"

Kweli mama yake Kijino alikuwa msafishaji pale. Kijino akainamia daftari lake. Darasa likacheka, maana darasa hucheka chochote.

"Sasa wewe ungetupeleka wapi?" mwalimu akamuuliza Maringo.

"Kwetu, Mwalimu. Uwanja binafsi, hauna fujo. Baba ameshakubali."

Baba hakuwa amekubali, kwa sababu hakuwa ameulizwa. Mwalimu alipotaka barua, Maringo aliona afadhali aiandike mwenyewe. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, kwani aliamini kwamba watu wazima wote wana mwandiko mbaya. Akaandika, "Mimi baba yake nawakaribisha nyote uwanjani kwetu," akatia saini yenye mikia mitatu. Mwalimu alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Akaitupia barua jicho moja, akaamini.

Ijumaa basi la shule likasimama mbele ya lango. Mlinzi akatoka, akawatazama wote.

"Mwanangu, leo umeleta chakula cha watu arobaini?"

"Tuna barua," alisema Maringo, kidevu juu.

Mlinzi akaisoma, akaguna. "Hii ni mali ya mtu. Anayeruhusu wageni hapa ni meneja, si mkata nyasi."

Nyuma yake watoto wakaanza kunong'ona. "Mkata nyasi? Si alisema hapa ni kwao?" Maringo akatamani ardhi ipasuke.

Meneja akaja, baba akimfuata nyuma, suruali imejaa majani. Meneja akampungia ile barua usoni.

"Tangu lini ukawa mwenyeji hapa? Unaalika watu kwenye uwanja wa tajiri?"

"Bosi, hiyo sikuandika mimi. Haki ya Mungu sijawahi kuiona."

"Jina lako hili hapa, saini hii hapa! Rudisha funguo za mashine, uende nyumbani."

Baba akaingiza mkono mfukoni taratibu. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote nyumbani. Angeweza kujificha nyuma ya wenzake, na kwa kweli alirudi hatua mbili. Funguo zilipofika mkononi mwa meneja, akapiga kelele.

"Ni mimi! Niliandika mimi, baba hajui lolote!"

"Unamtetea baba yako," meneja akasema kwa dharau.

Maringo akamwomba mwalimu kalamu. Akapiga magoti pale vumbini, mbele ya darasa zima, akaandika kwa mkono wa kushoto maneno yale yale na saini ile ile, mikia yote mitatu. Meneja akalinganisha karatasi mbili, akafyonya, akamrudishia baba funguo. "Mfundishe mtoto wako adabu," akasema. Lango likafungwa.

Wakaenda uwanja wa umma. Mama yake Kijino aliwapokea mlangoni, dekio mkononi, akamwita msimamizi aliyekuwa akilingoja darasa hilo tangu asubuhi, maana mwalimu alisahau kumwambia kwamba safari imebadilishwa. Maringo akabaki nyuma kwa aibu.

"Na mimi naruhusiwa, mama?"

"Panga mstari, mwanangu. Hapa hatuulizi mtoto wa nani. Tunauliza kama una kisu mfukoni."

Maringo akapanga mstari nyuma ya mzee mwenye begi lililofungwa kwa kamba. Walipofika ndani, alimwomba Kijino msamaha, wala hakunong'ona.

Jioni baba alimkalisha chini. Hakumchapa.

"Uwanja wa umma umejengwa kwa ajili ya watu wote, mradi wafuate taratibu," alisema. "Uwanja binafsi una mwenyewe, na unaingia kwa ruhusa yake. Hakuna ubaya katika huu wala ule. Ubaya ni kujivunia mlango usio wako, kisha ukaufungua kwa uongo. Mimi nakata nyasi, mama yake Kijino anadeki, na wote wawili tunakula kwa jasho letu. Wewe ulitaka kula heshima kwa jasho la nani?"

Maringo akaichukua suruali ya baba yenye majani, akaenda kuifua.

Jumamosi mlinzi alimfungulia kimlango kama kawaida. Msichana hakupita. Alisimama nje na bakuli lake mikononi, akamwambia mlinzi:

"Shikamoo, baba. Naomba ruhusa niingie."

"Marahaba," mlinzi akasema. "Siku zote ulikuwa ukipita tu. Leo ndipo umefika."