Mume wa Dada Yangu

Haya yalimpata dada yangu Mutindi, huko Ekalakala. Sikusimuliwa, nilikuwepo.

Mjane Katunge alikuwa na shamba kubwa na mtoto mmoja tu, Musili, aliyefariki akiwa na miaka sita. Mashemeji wakaanza kulimezea mate shamba. Basi akafanya kama Wakamba wa zamani: akatoa mbuzi wa mahari, akamwoa Mutindi kwa jina la Musili. Naam, mke wa marehemu. Angezaa na mwanamume yeyote, ila watoto wangeitwa wa Musili, na shamba lisitoke nyumbani. Mimi nilicheka. Mungu anisamehe.

Mutindi akazaa na Kimeu, mchuuzi wa Kyumbi. Wakapendana kweli, wakapanga kuhama na mtoto wao. Fomu ya kuzaliwa ilipoletwa, kwenye nafasi ya baba Mutindi akaandika Kimeu.

Katunge aliona. Hakugomba. Alinong'ona tu, "Mwanangu atasikia vibaya."

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana, tulikuwa uani tukipura mbaazi. Mtoto, hata kutambaa bado, amelala ndani. Mutindi akaenda kumtazama. Akatoka mbio. Mkeka ulikuwa mtupu.

Tulimpata juu ya kaburi la Musili, kando ya mikonge ya mpakani. Amelala fofofo. Amefungwa leso kwa fundo bovu, la mtu asiyejua kufunga. Nyayo zilitoka nyumbani hadi pale. Ndogo. Za kurudi hazikuwepo.

"Nani amemleta huku?" nikauliza.

"Nyamaza," Mutindi akaninong'oneza. "Usitaje jina."

Tulirudi ndani. Fomu ilikuwa mezani. Jina la Kimeu limefunikwa na alama ya kidole gumba, ya udongo mwekundu. Ya mtoto. Kovu limeikata katikati.

Katunge akaangua kilio. "Ni panga lilimkata mwanangu. Mimi mwenyewe nilimfunga hicho kidole!"

Kimeu alirudi Kyumbi peke yake. Mutindi alibaki, kwa hofu ya kumpoteza mtoto. Akanisihi niitoe ile fomu nyumbani, nami nikaificha kwangu ndani ya kopo la majani chai.

Miaka kumi na miwili imepita. Wiki jana nikalifungua lile kopo. Kovu ni lile lile. Nikaweka kidole gumba changu juu ya alama. Hakikuifunika.

Nikampigia Mutindi simu. "Kile kidole kimekua," nikamwambia.

Nikamsikia akifunga mlango.

"Najua," akanong'ona. "Siku hizi mume wangu anainama akipita mlangoni."