Kilima cha Wathrakia

Radoy alimwaga chumvi mezani, akaikusanya ikawa kama kichuguu, kisha akaitoboa ubavuni kwa kidole.

"Kaburi la mfalme wa Wathrakia, wenyeji wa kale wa nchi hii. Kamen anaingia. Spas anavuta ndoo. Mimi nalinda. Dhahabu inalala chini ya nyuki. Askari gani atapekua mizinga?"

Chumba kile nyuma ya bucha kilinuka damu. Watatu hao walikuwa wameizunguka nusu ya Bulgaria hivyo, kilima hadi kilima, wakifukua makaburi na kujifanya wafuga nyuki. Lakini safari hii mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

"Udongo umelowa, bosi," Spas alisema.

"Au ni suruali yako?"

Kamen, mume wa dada yake Spas, akammiminia rakia, pombe kali ya matunda. "Kunywa, shemeji. Hofu haivuti ndoo."

Kesho yake kilimani, saa nne asubuhi. Kamen alitambaa shimoni kwa tumbo, taa kichwani. Ndoo ya kwanza, tope. Ya pili, taji: majani ya mwaloni ya dhahabu, membamba, yakitetemeka kwa pumzi ya Spas.

Saa tano. Mshindo mzito. Shimo likajifunga. Spas akavuta kamba, haikuja.

"Kamen!"

Chini kabisa, kitu kikagonga jiwe. Ngo. Ngo.

"Yu hai!" Spas akachimba kwa kucha.

Radoy alikuwa ameshaficha taji. "Panda gari."

"Anagonga, husikii?"

"Nasikia. Kumtoa kunataka kijiji kizima. Ukiita kijiji, tumekwisha." Akafunua koti. Bastola. "Panda."

Spas akapanda.

Njia panda, askari wawili wakawasimamisha. Mmoja alichungulia mizinga nyuma ya gari, nyuki wakamvumia, akaruka nyuma akicheka.

"Safari njema, wazee."

Mkono wa Radoy ulikuwa ndani ya koti.

"Afande," Spas akasema, "tumeiba dhahabu. Na kuna mtu amefukiwa. Huyu hapa ana bastola!"

Risasi ilivunja kioo, ikamkwangua Spas sikio. Ya pili haikutoka. Askari walikuwa wamemlalia Radoy.

Kijiji kizima kilichimba. Alasiri wakamvuta Kamen kwa miguu, mzima, masikio yamejaa udongo. Askari wakamfunga pingu moja na Spas.

Kutoka gari la polisi Radoy alinguruma: "Spas! Hata gerezani nitakupata!"

"Anasemaje?" Kamen akauliza.

Spas akamfuta tope usoni.

"Anatusalimu, shemeji."