Ng'ombe wa Barazani

Mezani palibaki alama ya mstatili msafi, vumbi limeuzunguka pande zote, na nyaya zikining'inia ukutani kama matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Seva haikuwepo.

Inspekta Mukonyo alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kuingia. Ilikuwa desturi yake. Eneo la tukio, aliwaambia mara nyingi askari wadogo wa Kitengela, husema mara moja tu, nalo husema na yule aliyenyamaza. Aliangalia kufuli: nzima. Aliangalia bawaba: hazikuguswa. Aliyeingia hapa alikuwa na ufunguo.

Sajini Lemein tayari alikuwa amepiga magoti, akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole ukingoni mwa meza. Kando yake alisimama Wanyoike, mwenye kampuni ya Olari, mikono kichwani kama mtu aliyefiwa.

Mukonyo alimtaka aeleze polepole, maana yeye hakuwa mchezaji wa michezo ya simu. Wanyoike akaeleza. Kampuni yao ilitengeneza mchezo uitwao Malisho. Mchezaji hupewa ndama wachache, awalishe, awatafutie maji, awavushe kiangazi mpaka wawe kundi. Watu waliucheza kuanzia Ngong hadi ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Makundi yote ya wachezaji wote yalikuwa ndani ya seva ile moja. Wenzake wa Nairobi walimshauri akodi mitambo ya ng'ambo, akakataa. Alitaka isemwe kwamba Malisho ulizaliwa Kitengela na unaishi Kitengela.

"Hakuna nakala?" Mukonyo aliuliza.

"Ilikuwa kwenye diski pembeni yake. Nayo imeenda."

Kisha akamwonyesha jambo lililomtia uchungu zaidi. Kampuni ilikuwa na jukwaa rasmi mtandaoni, lisilotegemea seva ile, wenyewe waliliita Baraza, ambapo wachezaji walileta maswali na malalamiko, na kampuni ikawajibu. Jumapili jioni, kabla mtu yeyote ofisini hajajua kuna wizi, taarifa ilikuwa imebandikwa pale:

*Wachezaji wapendwa, kukatika kwa umeme Kitengela leo alasiri kumeharibu mitambo yetu. Mifugo yote imepotea. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote. Baraza limefungwa hadi mtakapoarifiwa. Waruguru, kwa niaba ya Olari.*

Waruguru ndiye aliyekuwa sauti ya kampuni Barazani. Watu watatu tu walikuwa na ufunguo wa ofisi: Wanyoike, Kinyanjui aliye fundi mkuu wa mitambo, na huyo Waruguru. Na Muema, mlinzi wa lango, aliapa kwamba Jumapili adhuhuri alimwona Waruguru akipanda ngazi peke yake, akashuka na mkoba mkubwa. Wanyoike akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Ijumaa kulikuwa na mabishano makali kati ya binti huyo na Kinyanjui.

Kufikia saa sita Waruguru alikuwa ameketi mbele ya Mukonyo kituoni. Hakulia. Aliketi wima.

"Ulifanya nini ofisini Jumapili?"

"Nilijibu wachezaji. Wikendi ndiyo wengi hucheza, afande."

"Na mkoba?"

"Vitenge vya mama. Nilikuwa naenda nyumbani Ngong."

"Seva ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Taa zake zilikuwa zinawaka."

"Taarifa hii ni yako?"

"Iko na jina langu. Maneno si yangu. Niliiona nikiwa Ngong, nikajaribu kuingia Barazani nikapata nimefungiwa nje. Nikapigia Kinyanjui. Akaniambia nitulie mpaka asubuhi."

Mabishano ya Ijumaa hakuyaficha. Kwa muda ng'ombe wa wachezaji walikuwa wakitoweka: mtu analaza kundi jioni, asubuhi analikuta pungufu. Malalamiko yalijaa Barazani. Kinyanjui alitaka wachezaji waambiwe kwamba hawajui kuchunga, ng'ombe wamekufa kiangazi. Waruguru alikataa. Alikuwa amechunguza akajua kasoro ni ya kampuni, na akawaahidi wachezaji kwamba Jumatatu atawapa jibu la kweli.

"Kwa nini jambo hilo lilikuwa zito kwako namna hiyo?" Mukonyo aliuliza.

"Kwa sababu wananiamini," Waruguru alisema. "Kampuni kubwa kubwa huwajibu watu kwa barua moja ya kunakili. Sisi hatukuwa hivyo. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naijua."

Mukonyo alimtazama. Alikuwa ameona wezi wengi wenye ushupavu, lakini ushupavu wa mwizi hutafuta pa kukimbilia. Huu ulikuwa umesimama mahali pamoja. Hata hivyo ushahidi ulikuwa ushahidi, na akaagiza binti huyo abaki kizuizini.

Habari haikukaa kituoni. Alasiri ile simu ya kituo ililia, na sauti ya mwanamke ikamtaka mkubwa wa upelelezi kwa jina. Alijitambulisha kuwa Mama Sironka, mkulima wa nyanya Loitokitok. Alikuwa amesikia kwa wachezaji wenzake kwamba Waruguru ameshikwa, na hakupendezwa.

Alisimulia bila haraka. Kiangazi kilichopita kilimaliza ng'ombe wake wote, wale wa kweli. Mwanawe alipomwekea Malisho kwenye simu aliona ni upuuzi, kisha akaanza kuwapa wale ndama majina ya waliokufa. Narok, yule mweusi. Nado, mwekundu. Walipoanza kutoweka tena, hata kwenye simu, aliandika Barazani kwa hasira, na Waruguru akamjibu, akamwuliza habari za kila mmoja kwa jina lake.

"Hiyo barua ya Jumapili si yake," alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Imeanza na mashine. Waruguru huanza na ng'ombe, halafu watoto, halafu ndiyo shida. Yeye ni Mkikuyu wa Ngong, lakini amejifunza vile sisi Wamaasai husalimiana. Huyo mwingine hajui anaongea na nani."

Mukonyo alishukuru, akafungua Baraza kwenye kompyuta ya kituo, akasoma. Alisoma majibu ya Waruguru kwa wachezaji mmoja baada ya mwingine, na bila kutarajia akajikuta akitabasamu. Majibu hayakuwa na "wachezaji wapendwa" hata mara moja. Palipokuwa na kosa, lilitajwa kosa. Pasipo na jibu, aliandika kwamba bado hana jibu, na kesho yake akarudi nalo. Hakuna aliyeombwa radhi kwa "usumbufu wowote".

Lakini hakimu hamwachilii mtu kwa ajili ya salamu. Mukonyo alihitaji kitu kigumu zaidi. Akairudia ile taarifa, safari hii kama anavyosoma maelezo ya shahidi mwongo, akipima kila neno kama lina mahali lilipotoka.

Kukatika kwa umeme Kitengela.

Alimgeukia Lemein. "Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa zamu, afande."

"Stima ilipotea?"

Lemein alifikiri. "Hapana. Tulitazama mpira."

Walirudi kwenye jengo la Olari. Chini ya ofisi palikuwa na saluni, na mwenye saluni, Ann, alicheka alipoulizwa. Jumapili alikuwa na bibi harusi mtarajiwa na wasimamizi wake wote. Mashine za kukausha nywele zilinguruma tangu walipotoka kanisani mpaka jioni. Stima haikupepesa hata kidogo.

Mukonyo alitoka nje, akasimama kando ya barabara ya Namanga, malori ya simenti yakimpita. Sasa alikuwa na uhakika. Mtu anayetunga uongo hutunga kwa vitu alivyo navyo mkononi. Aliyeandika taarifa ile hakubuni kukatika kwa umeme. Alikuwa ameketi gizani, akadhani giza lake ni la wote.

Alipiga simu ofisi ya umeme. Jibu lilikuja haraka: Jumapili alasiri mafundi walikuwa wakibadilisha nguzo, na sehemu moja tu ilizimwa. Kisaju.

"Kati ya wenye funguo," alimwuliza Wanyoike aliporudi juu ofisini, "nani anakaa Kisaju?"

Wanyoike alifunga mlango kwanza. "Kinyanjui," alisema. "Lakini Kinyanjui ndiye aliyejenga mchezo. Kesho anatuzwa Kajiado."

"Na Baraza? Nani alilijenga?"

"Yeye pia."

"Basi anaweza kuandika humo kwa jina la mtu yeyote."

Wanyoike aliitazama meza tupu.

Asubuhi iliyofuata, wakiwa na kibali cha upekuzi, Mukonyo na Lemein waliingia nyumba ya Kinyanjui huko Kisaju. Mwenyewe alikuwa ameshatoka. Seva ilikuwa ndani ya kabati la nguo, imefunikwa kwa blanketi safi, imewekewa vitambaa pembeni isikwaruzwe. Diski ilikuwa juu yake. Lemein aliinua blanketi kwa ncha za vidole.

"Ameilaza kama mtoto," alisema.

Mukonyo naye alikuwa ameliona hilo, na ndilo lililomfanya asilete pingu mbele za watu. Ukumbini Kajiado, vijana wabunifu walikuwa wakiitwa jukwaani mmoja mmoja. Kinyanjui, ndani ya suti mpya ya buluu, alipokea tuzo yake, akapigiwa makofi, mama yake akapiga vigelegele kutoka safu ya mbele. Aliposhuka alimkuta Inspekta Mukonyo amesimama chini ya ngazi.

"Tumetoka Kisaju," Mukonyo alimwambia kwa sauti ya kawaida. "Kabatini."

Kinyanjui alimtazama mama yake, akaomba ampe tuzo kwanza. Mukonyo akamruhusu.

Katika kituo cha Kajiado, afisa mkuu aliitwa asikilize, na Kinyanjui akaonywa kwamba halazimiki kusema neno. Alisema atasema.

"Uliingiaje bila mlinzi kukuona?"

"Ngazi za nyuma. Baada ya Waruguru kuondoka."

"Ulitaka kuiuza seva?"

Swali hilo lilimkera kuliko yote. "Kuiuza? Mimi ndiye niliyeijenga, afande. Kila nyasi mle ndani ni mkono wangu."

"Kwa nini basi?"

Aligeuza uso. Nje ya dirisha mbuzi walikuwa wakipelekwa mnadani, kengele zikilia.

"Ile kasoro ni yangu," alisema. "Nilibadilisha kitu kwa haraka, nikaona kinameza ng'ombe, nikanyamaza. Waruguru angewaambia Jumatatu. Jumanne mimi napanda jukwaani. Mama yangu ameshonesha nguo."

"Ulitaka siku mbili tu."

"Nilitaka zaidi." Macho yalimlowa. "Jioni hii ningerudisha seva, niseme nimeokoa mifugo. Niandike Barazani kwa jina langu. Kila siku ni Waruguru asante, Waruguru Mungu akubariki. Anawaambia tumekosea, nao wanamshukuru! Mimi niliyeumba ng'ombe wenyewe, hakuna hata mmoja anayenijua. Nilitaka waniite jina, mara moja."

"Na yeye ulimwacha alale seli."

Kinyanjui aliinamisha kichwa. "Nilidhani mtamwachilia."

Mukonyo alisukuma mbele yake maandishi ya ungamo. Aliyasoma, akatia sahihi.

Waruguru aliachiliwa alasiri hiyo. Baba yake, mzee Ngugi, alikuwa amekuja kutoka Ngong na koti lake la kanisani, na wote wawili walitoka lango la kituo wakitembea katikati ya njia. Hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisini, ambako seva ilikuwa imerudishwa baada ya kupigwa picha za ushahidi, nayo mahakama ikaruhusu itumike. Mukonyo alimfuata, akisema moyoni ni kwa ajili ya kukamilisha faili.

Wanyoike alikuwa ameandaa taarifa fupi: tatizo la kiufundi limetatuliwa. Alisema ni kwa heshima ya kampuni. Waruguru aliisoma, akamrudishia.

"Heshima ya kampuni ni wale wanaotuuliza maswali," alisema. "Nikiandika hii, nitafute kazi kwingine."

Wanyoike akamvutia kiti.

Waruguru akaandika. Alianza na ng'ombe: wako salama, walionusurika kutoweka na waliotoweka, wote watarudi zizini mwao kutoka kwenye nakala ya diski. Akauliza watoto hawajambo. Kisha akaeleza kasoro ilivyotokea, kwamba ilikuwa ya kampuni na si ya wachungaji, na kwamba taarifa ya Jumapili haikuwa yake. Habari ya mwizi aliiachia mahakama. Lakini aliongeza sentensi moja ambayo Mukonyo hakuitarajia: kwamba nyika ile, nyasi zake na ng'ombe wake, ilijengwa na fundi aitwaye Kinyanjui, na kwamba kampuni ilikosea kutowaambia jina lake mapema.

Alibonyeza kitufe cha kutuma. Kabla hajaondoa mkono, majibu yalianza kuingia, ya Namanga, ya Ngong, ya Loitokitok, yakisukumana kwenye kioo mpaka Wanyoike akavua miwani kuyafuta macho.

Kituoni Kitengela, mkubwa wa Mukonyo alikuwa akimsubiri na faili mkononi. Alisema hakuielewa vizuri kesi hii, akataka aambiwe kwa kifupi ilikuwa kesi ya nini.

"Wizi wa mifugo, mkuu," Mukonyo alijibu, kofia yake imenyooka.

"Na wamepatikana wangapi?"

"Wote."